Mmekubaliana kuachana na dini zenu ni tofauti: mwongozo kamili wa kupata talaka Tanzania Bara

Ujumbe ninaoupata unafanana kila mara. Mume na mke, mmoja Mwislamu na mwenzake Mkristo, wamekaa chini wakakubaliana kuachana bila ugomvi. Wamekwenda kwa wakili, wameandika makubaliano, wameweka saini na mhuri umegongwa. Miaka inapita, mmoja anataka kufunga ndoa nyingine bomani, anaambiwa bado ana ndoa.

Karatasi ile haikuvunja kitu. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 (Sura ya 29) kinasema ndoa inaendelea kuwapo mpaka kifo au mpaka mahakama itoe amri. Na sheria hiyo haina talaka ya "tumekubaliana" peke yake. Mahakama lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.

Makubaliano yenu yana kazi kubwa sana, ila yana mahali pake na wakati wake. Wengi wanayapeleka mahali pasipo pake.

Vifungu ninavyotaja ni vya toleo la 2019. Zanzibar ina utaratibu wake, kwa hiyo walioko huko wasiufuate mwongozo huu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha ndoa, halisi na nakala. Kikipotea, anzeni kutafuta nakala iliyothibitishwa RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi, vifo, ndoa na talaka) au ofisi iliyofungisha ndoa.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wa ndoa hiyo.
- Vitambulisho vyenu wawili. Linganisheni majina na cheti cha ndoa, herufi kwa herufi.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji anakoishi mume. Sababu mtaiona hatua ya nne.
- Orodha ya mali na madeni, pamoja na hati, risiti, kadi za magari, mikataba ya mauziano ya viwanja na taarifa za mikopo ya SACCOS au vikoba.
- Ushahidi wa hali ya ndoa: barua, ujumbe wa simu, kumbukumbu za vikao vya familia, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kama kulikuwa na kipigo, na majina ya watu wawili watatu walioshuhudia kwa macho yao.
- Daftari la tarehe: mlifunga ndoa lini, mlianza kulala mbalimbali lini, nani alihama na alikwenda wapi. Andikeni sasa mkiwa bado mnazungumza. Tarehe zikigongana mbele ya hakimu, hata ukweli unaonekana uongo.
- Fedha za ada na nakala. Kiasi ulizeni masjala ya mahakama, lipeni kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti mtunze.

## Hatua ya 1: Jueni ndoa yenu ilifungwa kwa mtindo gani

Toeni cheti cha ndoa msome. Ilifungwa kiserikali bomani? Kanisani? Kwa Kiislamu? Kimila? Msijibu kwa kukumbuka sherehe. Wapo waliofanyiwa dua kubwa nyumbani lakini cheti ni cha kiserikali. Wapo pia ambao bibi arusi alisilimu wiki moja kabla na cheti ni cha Kiislamu.

Swali hili lina uzito kwa sababu ya kifungu cha 107(3). Ndoa ikiwa imefungwa kwa Kiislamu, baraza la usuluhishi la ndoa (mtalikuta hatua ya nne) likathibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, kisha mmoja akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa (talaka, kwa mfano, au khului, yaani mke kujivua kwenye ndoa kwa kurudisha mahari), mahakama itaona ndoa imevunjika na itatoa amri. Tazameni mpangilio: baraza kwanza, talaka baadaye. Wanandoa wengi wanafanya kinyume, mume anatoa talaka tatu sebuleni, halafu ndipo wanalitafuta baraza. Kama bado haijatoka, subirini cheti cha baraza. Kama ilikwisha kutoka, ielezeni mahakama wazi, na muwe tayari kuthibitisha kuvunjika kwa ndoa kwa ushahidi mwingine.

Ndoa ya bomani au ya kanisani haipiti njia hiyo, hata kama mume ni Mwislamu. Talaka aliyoitamka haina nguvu ya kifungu cha 107(3), kwa hiyo mtathibitisha kuvunjika kwa ndoa kwa ushahidi wa kawaida.

Tahadhari: kubadili dini kumetajwa kwenye kifungu cha 107(2) kama ushahidi wa ndoa kuvunjika, na ninyi wa dini tofauti ndio mnaokimbilia hapo kwanza. Kisomeni mpaka mwisho. Kinawahusu waliokuwa wa dini moja siku ya ndoa, kisha mmoja akaiacha, na dini hiyo yenyewe ikawa inahesabu kuiacha kuwa sababu ya kuvunja ndoa. Mlioana mmoja Mkristo mwingine Mwislamu? Mlango huo si wenu. Msilijenge ombi lenu juu yake.

## Hatua ya 2: Hesabuni miaka miwili

Kifungu cha 100 kinazuia kuomba talaka kabla ya miaka miwili tangu siku ya ndoa, isipokuwa mahakama itoe kibali kwa sababu ya mateso ya kupita kiasi. Ndoa ikiwa changa na hakuna mateso, tumieni muda huo kutengana kwa amani na kupanga mambo ya watoto.

Lipo pia sharti la makazi. Mwombaji awe na makazi yake ya kudumu Tanzania, au awe ameishi nchini mwaka mmoja mfululizo kabla ya kufungua shauri. Wenye mwenza raia wa kigeni walitazame hili mapema.

## Hatua ya 3: Andikeni makubaliano, na dini za watoto ziwemo

Hapa ndipo maelewano yenu yanapofanya kazi. Kifungu cha 106 kinataka ombi la talaka lieleze masharti ya makubaliano yoyote kuhusu matunzo na mgawanyo wa mali zilizochumwa pamoja. Nacho cha 108 kinaitaka mahakama ichunguze kama mipango hiyo ni ya haki. Maana yake hakimu atayasoma makubaliano yenu na anaweza kuyakataa yakimkandamiza mmoja.

Mali. Andikeni kila kitu na nani anakichukua. Madeni nayo ni sehemu ya mgawanyo: kama mkopo wa vikoba ulijenga nyumba, semeni nani anaumalizia. Kifungu cha 114 kinatazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto, na kinaelekea kwenye usawa. Mama wa nyumbani asikubali kuambiwa hakuchangia chochote. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Hata nyumba ambayo mume alikuwa nayo kabla ya ndoa inaweza kuingia kwenye hesabu, kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa nguvu za mwenza au za wote wawili.

Makazi ya watoto. Sheria inaweka mbele ustawi wa mtoto, na inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni vyema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Andikeni watoto wanakaa kwa nani, wanakwenda kwa mwingine lini, nani analipa ada, nani analipia matibabu, na fedha zinatumwa tarehe ngapi.

Dini ya watoto. Nawasihi msiliruke. Nimeona makubaliano mazuri ya mali yakisambaratika mwaka mmoja baadaye kwa sababu ya ubatizo au jando. Kifungu cha 126 kinairuhusu mahakama, inapotoa amri ya mtoto kukaa na nani, iweke masharti kuhusu mahali atakapoishi, elimu yake na dini atakayolelewa. Ninyi mkiwa kimya, siku mtakapogombana hakimu ndiye atakayeamua.

Sentensi kama "watoto watalelewa kwa maadili mema ya dini zote mbili" haisaidii. Kila mmoja ataisoma anavyotaka. Andikeni mambo yanayoonekana kwa macho:

- Mtoto anaendelea na madrasa, au na mafundisho ya kipaimara, siku gani na nani anampeleka.
- Idi anasherehekea kwa nani, Krismasi na Pasaka kwa nani.
- Ramadhani ikimkuta kwa mzazi Mkristo, anafunga au hafungi, na nani anamwandalia daku.
- Chakula gani hapewi katika nyumba yoyote kati ya hizo mbili.
- Hakuna mzazi atakayembatiza, kumsilimisha au kumbadilisha jina bila mwingine kukubali kwa maandishi.
- Akifika umri wa kujieleza, mawazo yake yatasikilizwa.

Kipengele cha mwisho kinaendana na sheria yenyewe, ambayo inaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto aliye na umri wa kutoa maoni yake.

Matunzo ya mwenza. Yapo au hayapo, kiasi gani, mpaka lini. Kwa kawaida yanakoma anayepewa akifunga ndoa nyingine.

Kisha kila mmoja ayapeleke makubaliano kwa mshauri wake, si nyote kwa wakili mmoja. Anayeshindwa kulipa anaweza kutafuta msaada wa kisheria, huduma inayosimamiwa na sheria ya mwaka 2017.

Simama hapa kama "maelewano" yenu yametokana na vitisho. Mke aliyesaini kwa kuogopa kipigo hajakubali. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na shauri lako liende kama shauri lenye mgogoro.

Mko tayari kuendelea iwapo mtu asiyewajua anaweza kuisoma karatasi yenu akajua mtoto atakula Idi wapi mwaka kesho na nani anamiliki kiwanja kipi.

## Hatua ya 4: Baraza la usuluhishi, na liwe baraza sahihi

Mashauri mengi ya ndoa za mseto yanafia hapa.

Kifungu cha 101 kinakataza kufungua ombi la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye baraza la usuluhishi la ndoa na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Msifikiri kwamba mkiwa mmekubaliana mnaruka hatua hii. Mahakama ya Rufani imewahi kubatilisha mwenendo mzima wa shauri la talaka lililofunguliwa bila cheti halali cha baraza. Hebu fikiria miaka ya kwenda na kurudi mahakamani, kisha mnaanza upya.

Baraza lipi? Kwa kifungu cha 103, ni la kata anakoishi mume, au la kata ya mke kama mume haishi Tanzania Bara. Mume yuko Morogoro na mke amerudi kwao Mwanza? Baraza ni la Morogoro. Mabaraza ya jumuiya, kama ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au ya makanisa, yanahusika pale wote wawili wanapokuwa wa jumuiya hiyo. Ninyi si wa jumuiya moja ya dini. Mke anakwenda kwa mchungaji wake, mume kwa shehe wake, kila mmoja anarudi na barua, na barua zote mbili mahakamani hazina kazi. Nendeni kata.

Mkifika msiseme "tumekuja kuchukua fomu." Baraza lina wajibu wa kuwasikiliza wote na kujaribu kuwapatanisha kwa dhati. Elezeni tatizo, mlichojaribu, na kwa nini mmefika mwisho. Mawakili hawaruhusiwi kuwawakilisha hapo. Baraza linaundwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, kwa hiyo karatasi iliyoandikwa na mtendaji wa kata peke yake ofisini kwake ina kasoro tangu mwanzo.

Mnachotakiwa kutoka nacho ni cheti, kinachojulikana kama Fomu Namba 3. Kikagueni kabla hamjaondoka ofisini:

1. Majina yenu yanafanana na cheti cha ndoa.
2. Kinasema waziwazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. "Tunawaruhusu waendelee mbele" haitoshi.
3. Kina tarehe, saini ya mwenyekiti na mhuri.
4. Kinaonyesha kwamba wote mliitwa na mlisikilizwa, au mmoja aliitwa akakataa kuja.

Kuanzia tarehe hiyo hesabuni miezi sita. Kifungu cha 106(2) kinataka cheti kisizidi umri huo siku ya kufungua shauri. Kuna waliokiweka kabatini wakisubiri mtoto amalize mtihani wa darasa la saba. Walirudishwa barazani.

Misamaha ipo: mwenza aliyetoweka na hajulikani alipo, aliye nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi sita, aliyeitwa akakaidi, aliyefungwa miaka mitano au zaidi, mwenye ugonjwa wa akili usiopona, na mazingira ya kipekee yanayofanya baraza lisiwezekane. Ninyi mnaoelewana hamumo, labda mmoja awe ng'ambo.

## Hatua ya 5: Andaeni ombi, na mkubali mmoja awe mwombaji

Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza ombi la talaka. Kwa wanaoelewana na wenye mali za kawaida, Mahakama ya Mwanzo ni nafuu na iko karibu. Walioko Dar es Salaam waanzie kwa kuulizia Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichoko Temeke.

Mmoja atakuwa mwombaji, mwingine mjibu maombi. Hili linawakwaza wengi: "Kwa nini mimi niitwe mshtakiwa?" Huitwi mshtakiwa. Hii si kesi ya jinai na hakuna anayetiwa hatiani. Amueni nani ana ushahidi ulionyooka zaidi, huyo ndiye aombe.

Ombi lieleze taarifa za ndoa, majina na umri wa watoto, kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka, mashauri ya ndoa yaliyowahi kuwapo, mambo yanayoonyesha ndoa imevunjika, kosa la mwombaji mwenyewe kama lipo, makubaliano yenu, na mnachoomba. Ambatisheni cheti cha baraza, cheti cha ndoa na makubaliano.

Sehemu ya kuvunjika kwa ndoa iandikwe kwa uangalifu. Sheria inataja uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa makusudi, kuhamwa kwa miaka isiyopungua mitatu, na kutengana kwa hiari kwa miaka isiyopungua mitatu. Hilo la mwisho ndilo linalowafaa zaidi waliokubaliana, na ndiyo maana niliwaambia muandike tarehe ya kulala mbalimbali. Miaka mitatu haijatimia? Orodha ile haifungi mlango, kwani mahakama inatazama ushahidi wote unaohusu ndoa. Hapo mtahitaji mashahidi na maelezo ya kina: vikao vya familia vilivyoshindwa, ugomvi usiokwisha wa mafundisho ya watoto, maisha mawili chini ya paa moja.

Msitunge uzinzi. Wapo wanaoshauriana mmoja "akubali" kosa ambalo hakulifanya ili shauri liishe haraka. Ni uongo mbele ya mahakama, na unabaki kwenye kumbukumbu ambazo watoto wenu wanaweza kuzisoma. Pia ombi lisiegemee kosa la mwombaji mwenyewe peke yake, kwa kuwa kwa kawaida mahakama inalikataa.

Mtajua hatua imekamilika mkipata namba ya shauri na tarehe ya kutajwa.

## Hatua ya 6: Siku za mahakamani

Mjibu maombi akipokea samansi, ajibu ndani ya siku zilizotajwa humo. Anaweza kukubali ombi na makubaliano, lakini asidhani kwamba kwa kuwa amekubali hana haja ya kufika. Afike kila tarehe.

Hakimu atauliza maswali hata kama hampingani, kwani huo ndio wajibu wake. Atauliza kama mlilazimishwa, kama mnaweza kurudiana, watoto wanaishi vipi, na kama mgawanyo ni wa haki. Jibuni kwa ufupi na kwa tarehe. Mashahidi waseme walichokiona, si walichosimuliwa.

Suala la dini likiibuka, lielezeni kwa heshima. Mke akisema "dini yao ndiyo tatizo," mume aliyekuja ametulia atawaka, na shauri lililokuwa la maelewano linageuka la ushindani pale pale. Semeni mliloshindwa ninyi wawili: "Tulishindwa kukubaliana watoto wasome wapi dini."

## Hatua ya 7: Tuzo, RITA, na viongozi wenu wa dini

Mahakama ikiridhika inatoa hukumu na tuzo ya talaka (amri rasmi ya kuvunja ndoa), pamoja na amri za mali na watoto. Ombeni nakala zilizothibitishwa, walau tatu. Someni mambo matatu kabla ya kuondoka masjala: majina, tarehe, na kama makubaliano yenu yameingizwa kwenye amri. Yasipoingizwa yanabaki ahadi tu, na mwenzako akiacha kutuma ada huna amri ya kukazia.

Kisha pelekeni nakala RITA, talaka isajiliwe na mpewe cheti cha talaka. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na bila cheti hicho ofisi inayofungisha ndoa itawasumbua. Mwenye kutaka kuoa au kuolewa tena aulize kwanza kama muda wa rufaa umepita.

Upande wa dini ni mlango wa pili. Kanisa Katoliki halihesabu tuzo ya mahakama kuwa mwisho wa ndoa iliyofungwa mbele yake. Anayetaka kufunga ndoa nyingine kanisani aonane na paroko kuhusu mahakama ya Kanisa ya ndoa. Kwa ndoa ya Kiislamu, shehe ataeleza eda inahesabiwa kuanzia lini. Msiache shauri la serikali likisubiri majibu ya dini, wala msichukulie jibu la dini kuwa talaka ya serikali.

Baada ya hapo badilisheni hati za mali kama amri inavyosema, warithi mliowaandika kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii ya NSSF au PSSSF, na wategemezi kwenye bima ya afya. Nakala moja ya amri za watoto mpelekee mwalimu mkuu, ili ajue nani anaruhusiwa kumchukua mtoto Ijumaa mchana na nani Jumapili asubuhi.